Finjani Tatu

Suhaib aliandika programu za kompyuta kwa miaka kumi, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kurudisha kitu alichochukua. Si kwamba alikuwa mwizi. Lugha aliyoizoea, ile ya kutengenezea kurasa za mtandao, ilikuwa na tabia ya yaya wa nyumba ya kitajiri: tupa nguo sakafuni, ukigeuka zimeshakunjwa. Ukitaka nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta uhifadhi jina la mteja, unaichukua. Ukimaliza nayo, unaondoka zako. Nyuma yako lugha yenyewe inapita, inaokota ulivyoviacha, wala haikuulizi kitu. Suhaib aliishi maisha hayo mpaka akaota kitambi na kuanza kujiita mtaalamu.

Kisha kampuni yake pale Amman ikafungwa, na mtaalamu akakaa nyumbani miezi kadhaa akimfundisha mkewe, Rudaina, namna bora ya kupanga vyombo kabatini. Rudaina alivumilia hadi uvumilivu ulipomwisha, ndipo akampigia simu Ghaleb, binamu yake Suhaib. Ghaleb alikuwa mbioni kumposa mhandisi mmoja aitwaye Lujain, na Lujain ndiye aliyekuwa mkuu wa waandishi wa programu katika kiwanda kidogo cha vifaa vya kumwagilia mashamba ya bonde la Ghor. Hivyo ndivyo Suhaib alivyopata kazi: kwa mlango wa uani, akiwa amebebwa na posa ya mtu mwingine.

"Nimekuombea nafasi kwa jina langu," Lujain alimwambia siku ya kwanza, "kwa heshima ya Ghaleb. Ila hapa tunaandika kwa C, mhandisi. Umewahi kuigusa?"

"Lugha ni lugha," Suhaib alijibu. Afadhali angekohoa.

Maana lugha ya C haina yaya. Ukitaka nafasi kwenye kumbukumbu, unaomba, unapewa, na kuanzia hapo ni mzigo wako. Usipoirudisha kwa mkono wako, itabaki imeshikwa hadi umeme ukatike. Na kifaa chenyewe kilikuwa kidogo kama kiberiti, kumbukumbu yake haba. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa udongo kila dakika, kufungua maji au kuyafunga, na kumtumia mkulima ujumbe wa simu. Suhaib alipewa kuandika programu yake upya. Majaribio yalifanyiwa juu ya chungu cha mnanaa pale ofisini, ule mnanaa ambao wote waliutia kwenye chai.

Jumatatu, programu yake ya kwanza ilifanya kazi vizuri sana mpaka adhuhuri. Kila dakika ilichukua nafasi ya kuandikia kipimo, ikatuma ujumbe, ikaiacha nafasi hapohapo na kuomba nyingine. Adhuhuri nafasi zikaisha, kifaa kikaganda, na kiliganda maji yakiwa yamefunguliwa. Waliporudi kutoka kula, mnanaa ulikuwa umezama, na maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vya mhasibu.

"Kifaa kibovu," Suhaib alisema.

"Kifaa kizima," Lujain alisema. "Wewe unachukua hurudishi. Rudisha ulichochukua, mhandisi."

Basi akarudisha. Alirudisha kwa hasira, kama mke anayerudisha pete. Kila nafasi aliyoichukua aliirudisha palepale, hata kabla hajamaliza kuitumia, kisha akaendelea kusoma alichokuwa ameandika humo, akidhani bado ni chake. Lakini nafasi ikisharudishwa hupewa mwingine, na mwingine naye huandika yake. Alhamisi mchana simu ya ofisi ikapokea ujumbe kutoka kwenye chungu: unyevu wa udongo ni Bwana Mahmud. Dakika iliyofuata ikaarifiwa kwamba Bwana Mahmud, mkulima wa matango, ni asilimia arobaini na moja na anahitaji maji. Ofisi nzima ilicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni Suhaib, kwa sababu asingecheka angelia.

Lujain hakucheka sana. "Sikiliza," alimwambia akiwa anafunga mkoba. "Jumapili asubuhi wakulima wanakuja kuchukua vifaa vyao. Programu yako ikiwa imesimama, umepata kazi. Ikianguka, nitaweka ile ya zamani, na mimi na wewe tutabaki watu wa kusalimiana kwenye harusi. Nimeshaweka jina langu mara moja, siweki mara mbili."

"Kesho si ndiyo tunakuja kwenu?"

"Kesho mnakuja kwa baba yangu. Mambo ya kazi yaache Amman."

Aliyaacha wapi. Ijumaa, baada ya sala, jaha ya Ghaleb, ule ujumbe wa wanaume wanaokwenda kuposa, iliondoka na msururu wa magari kwenda Madaba, wanaume kama arobaini, wazee mbele na vitambi nyuma. Suhaib alivaa koti lake moja la shughuli. Kichwani, safari nzima, alikuwa anaomba nafasi na kurudisha nafasi, na kila alipofikia mwisho aliona ama mnanaa umezama ama Bwana Mahmud amegeuka udongo. Alijiuliza kama mtu wa umri wake anaweza kujifunza ususi wa vikapu. Rudaina alikuwa amekwisha kumwambia kwamba safari hii, akirudi nyumbani bila kazi, kabati la vyombo litafungwa kwa ufunguo.

Nyumbani kwa Abu Haitham, babake Lujain, wanaume walipangwa ukumbini ukuta kwa ukuta, na wanawake walikuwa chumba cha ndani, mlango umeegeshwa. Mpwa wa mwenye nyumba, Mifleh, kijana mwenye mabega mapana na uso usiocheka, akaingia na dele la kahawa mkono wa kushoto na finjani tatu mkono wa kulia. Akammiminia kwanza Ami Sayel, mzee wa jaha. Ami Sayel akaipokea finjani, akaiweka juu ya meza mbele yake bila kuinywa, na ukumbi ukanyamaza, maana ndivyo anavyofanya mwenye haja. Akasema maneno yake, akamtaja Mungu na Mtume, akaitaja nasaba ya huku na ya kule, akamwomba Lujain kwa ajili ya Ghaleb.

"Kunywa kahawa yako, Abu Rakan," akasema Abu Haitham, akimwita mzee kwa jina la mwanawe. "Mlichokijia mmepewa."

Vigelegele vikapasuka kule ndani. Ami Sayel akanywa, na Mifleh akaanza kuwazungukia wengine.

Hapo ndipo Suhaib, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alipomtazama mtu akimimina kahawa. Alikuwa amehudhuria jaha tangu hajaota ndevu na hakuwahi kuona chochote zaidi ya kunafa, zile tamutamu za jibini, zinazofuata. Sasa aliona. Finjani tatu, watu arobaini, na hakuna anayekosa. Mtu anapokea, anakunywa, na akitosheka anaitikisa finjani kidogo na kumrudishia Mifleh mkononi. Hiyohiyo inakwenda kwa anayefuata. Asipoitikisa anaongezwa. Hakuna anayeiweka kando na kuisahau, kwa sababu watu watatu tu wakifanya hivyo, ukumbi mzima umekaa na kiu. Na hakuna aliyekwisha kurudisha finjani akanyoosha shingo apige funda jingine mkononi mwa jirani. Mtu wa namna hiyo angetolewa nje kwa kola.

Mimi ndiye mtu huyo, Suhaib akawaza. Jumatatu nilizishika finjani zote hadi nikaufunga ukumbi. Alhamisi nilirudisha yangu kisha nikanywa ya Bwana Mahmud.

Moyo ulimruka kwa furaha. Rudisha, ndiyo, lakini ukishatosheka, si kabla. Na ukisharudisha, usiiguse tena. Jambo ambalo kila mtoto wa Madaba analijua, yeye ilimbidi apoteze kazi moja na nusu ndipo alielewe. Alitaka kuliandika lisimponyoke. Wakati huohuo Mifleh akawa amefika na kumpa finjani, na Suhaib, mikono yake ikitafuta kalamu kwenye mifuko, akaiweka ile kahawa juu ya meza, imejaa, haijaguswa.

Mazungumzo yakakatika upande wa kulia, kisha wa kushoto. Alipoinua macho, wanaume wote walikuwa wanamtazama.

"Una haja, mwanangu?" akauliza Abu Haitham kwa upole. Lakini ndevu zake hazikuwa na upole.

Ghaleb, aliyekaa karibu yake, alikuwa amebadilika rangi. Posa imekubaliwa, watu wamekunywa, kisha mtu wa upande wa bwana harusi anaweka finjani chini: lazima kuna pingamizi, au deni la damu, au mke wa siri. "Binamu," akanong'ona, "unanimaliza. Inua hiyo finjani."

"Usiiinue," Ami Sayel akanong'ona upande wa pili, midomo haichezi. "Ukiinua sasa umewafanyia watu mzaha ndani ya nyumba yao. Omba kitu. Omba chochote, ewe punda."

Finjani kama ile watu waliwahi kuombea msamaha wa wauaji. Suhaib alitafuta kichwani haja yenye heshima, akakuta mnanaa tu.

"Naomba siku tatu," akasema.

"Siku tatu za nini?"

"Za kazi, ami. Kwa mhandisi Lujain. Jumapili asubuhi natakiwa nilete programu na programu yangu haisimami. Naomba anipe hadi Jumatano."

Mzee mmoja akamuuliza jirani yake programu ni kitu gani. "Mambo ya matango," jirani akamjibu, na mzee akatikisa kichwa kwa kuelewa.

Abu Haitham alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka hadi akapangusa macho. "Siku tatu tu? Umenitoa roho, mwanangu. Umepewa. Wallahi umepewa wiki nzima. Kunywa kahawa yako."

Suhaib alikuwa amekwisha nyoosha mkono aichukue finjani, tena kwa furaha ya mtu aliyeokota, sauti ilipotoka nyuma ya ule mlango ulioegeshwa.

"Baba, unisamehe. Hizo siku si zako kuzitoa."



"Nyumba ni yako," Lujain akaendelea, taratibu, "kahawa ni yako, na mimi umenitoa sasa hivi na nimeridhika. Lakini Jumapili ni ya wakulima. Mimi mwenyewe nimekabidhiwa tu."

Mwanamke mmoja huko ndani akasema, "Ya rabi, mtoto huyu," na mlango ukavutwa.

Abu Haitham alikuwa ametoa neno mbele ya wanaume arobaini, kwa kiapo, na neno limerudi likamwangukia mguuni. Lisiposimama hilo, nani atasema lile la kwanza limesimama? Ghaleb alikuwa anatazama sakafu kama mtu anayesoma hukumu yake kwenye zulia. Ami Sayel akaanza, "Kwa kweli, Abu Haitham, sisi..." akakosa pa kumalizia, yeye aliyepatanisha makabila.

Na Suhaib aliyefanya yote hayo alikuwa amekaa katikati, mkono hewani. Aibu ilimchoma kweli. Alitamani sana zile siku. Alizihitaji kuliko kunafa, kuliko koti, kuliko heshima yake ambayo kwa vyovyote ilikuwa imeshamwagika. Wiki nzima, kwa kiapo. Angenyamaza tu, Abu Haitham angemlazimisha binti yake, na posa ingefungwa kwa kinyongo. Lakini aliona jambo la tatu, na hili hakulitafutia kalamu. Mwenye nyumba hawezi kukirudisha alichokwisha kukitoa. Bintiye hawezi. Anayeweza kukirudisha ni yule tu aliye nacho mkononi, na aliye nacho alikuwa yeye.

Akaichukua finjani, akasimama, akainywa yote. Ilikuwa imepoa na ilikuwa chungu.

"Ami Abu Haitham," akasema, "umenipa na nimepokea, Mungu akuzidishie. Neno lako limesimama, watu wote hawa mashahidi. Basi siku hizo ni zangu sasa, na changu nakirudisha. Sina haja tena. Jumapili ni Jumapili." Akaitikisa finjani mbele yao wote.

Abu Haitham akainuka, na alipoinuka yeye wakainuka wote. "Huyu ana adabu," akasema mmoja. "Huyu ana wazimu," akasema wa pili, na wakakubaliana kwamba vyote viwili vinaweza kukaa mahali pamoja. Vigelegele vikaanza upya. Ami Sayel alimkumbatia Suhaib hadi mbavu zikalia, akamwambia sikioni kwamba katika jaha zake zote zilizobaki duniani Suhaib atabaki kwenye gari. Ghaleb alimkumbatia kwa namna ya mtu anayekaba. Abu Haitham akambusu mashavu yote mawili. Katika msukumano ule Suhaib hakujua mikono yake ilikuwa inafanya nini, alijua tu kwamba kunafa ziliingia na kwamba alikula.

Kahawa ya mwisho ilichelewa kuzunguka. Mifleh alikuwa mlangoni akinung'unika na dele lake, anatazama chini ya meza moja baada ya nyingine.

Jumamosi Suhaib alikaa mbele ya kompyuta tangu kifungua kinywa. Hakuandika jambo la ajabu. Alipita mstari kwa mstari, na kila palipoombwa nafasi alijiuliza kwa sauti: "Finjani hii anayo nani?" Kazi ikikabidhiwa sehemu nyingine ya programu, aliandika pembeni nani anaipokea na nani ataitikisa. Pengine alikuta watu wawili wanaitikisa finjani moja, wa pili akitikisa hewa tupu. Pengine hakuna aliyeishika, iko mezani inapoa. Kila alipokuta kosa alijipongeza kwa kujitukana, na matusi yalikuwa mengi.

"Finjani gani unayoitafuta tangu asubuhi?" Rudaina aliuliza kutoka chumbani.

"Ni mambo ya kumbukumbu, huwezi kuelewa."

"Sawa. Na hili koti lako mbona limelalia upande mmoja?"

"Limezeeka," Suhaib alisema bila kugeuka. "Kama mwenyewe."

Alasiri alikwenda ofisini, akamwomba mlinzi amfungulie, akaipakia programu kwenye kifaa, akakichomeka kwenye chungu cha mnanaa mpya. Alikaa akikitazama hadi mlinzi alipomuuliza kama ana kwao. Akaondoka huku anageuka nyuma.

Jumapili alivaa koti la shughuli, kwa hoja kwamba mtu akifukuzwa ni vizuri afukuzwe akiwa nadhifu. Alipoingia, Lujain alikuwa amekwisha fika. Sakafu ilikuwa kavu. Mnanaa ulikuwa umesimama wima, udongo wake umelowa kiasi, na kwenye simu ya ofisi ujumbe ulikuwa umepangana tangu jana, wote kuhusu unyevu, Bwana Mahmud hakutajwa popote.

Lujain alisoma programu kimya kimya, kurasa zote. Suhaib alisimama mbele yake kama mwanafunzi anayesubiri fimbo.

"Hapa umeandika, 'Mifleh anampa Ghaleb, Ghaleb ndiye atakayetikisa,'" Lujain alisema.

"Nitabadilisha majina."

"Usibadilishe. Inaeleweka." Alifika mwisho, akaegemea kiti. "Kila ulichochukua umekirudisha. Mara moja tu, na kwa wakati wake. Nimetafuta kosa, wallahi nimetafuta kwa bidii."

Kitambi cha Suhaib kikasonga mbele. Ule utaalamu aliodhani umekufa uliamka, ukajinyoosha, ukaomba chai. "Unajua, mhandisi," akaanza, "siri yenyewe ni ndogo, ila watu wengi hawaioni. Ni swali la malezi. Sisi tuliokulia kwenye majlisi za wazee, kurudisha kitu kiko kwenye damu. Mtu akishika finjani..."

"Vizuri umeitaja," Lujain alisema. "Mama amesema nikuulize. Zilikuwa tatu, za marehemu bibi yangu. Tangu Ijumaa nyumba nzima imepekuliwa, Mifleh amekwisha apa kwa msahafu."

Mkono wa kulia wa Suhaib ulishuka wenyewe hadi kwenye mfuko wa koti, upande ule uliolala, ukakuta kitu kidogo, laini, cha duara. Akakitoa. Kulikuwa na tone la kahawa lililokaukia chini yake.

Lujain alinyoosha kiganja na kungoja. Suhaib akaitikisa ile finjani kidogo, kwa mazoea, kisha akamrudishia.

"Wakulima wako nje," Lujain alisema, akiifunga finjani kwenye kitambaa. "Waonyeshe namna ya kukiwasha. Na ukitoka, mhandisi, vua koti kwanza ulikung'ute."